Ndoo ya Tisa, Korongo la Juu

Kaka yangu ni mshika vyura. Watu wakisikia hivyo hucheka, nami huwaacha wacheke mpaka wachoke, halafu nawauliza wao wanashika nini. Miaka ishirini na sita amepanda mlima ule ule, amechimba mashimo yale yale, ameinamia ndoo zile zile, na cheo chake mpaka leo ni kibarua. Kibarua! Kuna viti katika taasisi yetu ya utafiti vilivyopokewa kwa heshima kuliko yeye. Viti angalau vina namba.

Kazini wanamwita Ndoo. Kazi yenyewe iko hivi. Unachimba shimo, unazamisha ndoo ya plastiki mpaka mdomo wake ulingane na ardhi, unahesabu hatua tano, unachimba shimo jingine, mpaka upate mstari wa ndoo kumi na moja. Kisha unasimamisha ukuta wa plastiki ngumu unaofika gotini, upite juu ya kila ndoo katikati. Chura anakuja zake, anakutana na ukuta, anaufuata kandokando akitafuta mwisho wake, mara pwa! yumo ndani. Mijusi hivyo hivyo, vinyonga wadogo wa kwenye majani makavu hivyo hivyo, na nyoka wale wasioangalia wanakokwenda. Asubuhi na mapema unapita ndoo moja moja. Anayehitajika anatiwa kwenye mfuko wa kitambaa, wengine unawaachia waende zao. Na kila aliyechukuliwa hufungwa kikaratasi mguuni kwa uzi: tarehe, mahali, mwinuko, namba ya ndoo. Unaandika kwa penseli, maana wino ukiingia kwenye spiriti unapotea, na chura asiyejulikana alikotoka ni nyama ya kulowekwa tu.

Mahali ndiyo kila kitu. Misitu ya juu ya milima yetu imetengana. Kati ya mlima na mlima kuna bonde la joto, na chura aliyezoea baridi hawezi kulivuka akafika mzima. Kwa hiyo kila mlima una wenyeji wake, na wengine, anasema kaka, wana korongo moja tu dunia nzima, hawana kwao kwingine. "Ukikosea mahali," huniambia, "umemfukuza mtu kwao." Vyura anawaita watu. Wifi yangu, mke wake, humcheka kwa hilo: "Mume wangu anajua anwani ya kila chura, siku aliyozaliwa mwanawe mpaka akumbushwe."

Sasa nije kwa Profesa, na mnivumilie, kwa sababu kumtaja tu kunanipandisha joto.

Wakati ule hakuwa profesa. Alikuwa kijana anayetafuta shahada, mwenye koti la mifuko kumi na minne na goti moja bovu, au alilosema ni bovu. Alipanda mpaka kambini, pale kwenye tambarare, gari linapoishia na choo kilipo, akakunjua kiti chake, akakaa. Siku kumi na nane alikaa. Aliyepanda mwendo wa saa tatu zaidi, kihema mgongoni na ndoo zimepachikwa moja ndani ya nyingine kichwani, ni kaka. Alikwenda mpaka korongo la juu, pale maji yanapoanguka na unyunyu haukatiki. Akachimba mstari wake peke yake. Siku ya sita, ndoo ya tisa, akamkuta: chura wa kuenea kwenye ukucha wa kidole gumba, mgongo rangi ya kutu, tumbo la njano, na ukimwinua kwenye mwanga unaona watoto wanatikisika ndani. Hatagi mayai huyu, anazaa watoto wazima kama mbuzi. Vitabu vyote vya Profesa havikuwa na habari zake.

Mpaka siku ya kumi na nane kaka alikuwa amepata watano, kila mmoja na ndoo yake, kila mmoja na kikaratasi mguuni: Korongo la Juu, na mwinuko, na namba. Akateremka nao. Profesa kuwaona tu aliruka kutoka kitini, goti limepona ghafla. Akamkumbatia kaka, akamwita ndugu yangu. Halafu wakarudi mjini, akaingia ofisini, akapiga chapa lebo ya kubandika nje ya chupa, na pale penye mahali akaandika pale alipokuwa amekaa yeye. Kambini. Na mwinuko wa kambini. Mtu wa namna ile haamini kwamba jambo lolote linaweza kutokea mbali na kiti chake.

Kaka alimwambia wiki ile ile. "Mkuu, hawa si wa kambini. Kambini nako niliweka ndoo, hamna kitu."

"Hayo ni madogo," akajibiwa. "Tutarekebisha."

Thubutu! Arekebishe vipi, na shahada yote imejengwa juu ya ule mwinuko? Aliandika kurasa mia mbili kueleza maajabu ya chura wa baridi anayeishi chini kiasi kile. Wakampa shahada, baadaye wakampa uprofesa. Hata jina la kitaalamu la chura likabeba jina la ile kambi. Wakaja wakubwa wa misitu na ramani zao, wakachora mpaka wa hifadhi kumlinda, na mpaka ukaizunguka kambi vizuri kabisa, choo na vyote. Korongo la juu likaachwa nje.

Halafu wataalamu wakaanza kuja kumtafuta. Wakamtafuta kambini, wakachungulia chini ya kila gogo, wakatega vinasa sauti, wakatoka kapa. Kaka aliwaambia wawili watatu kwamba wapande juu zaidi. Wao wakamuuliza Profesa, na Profesa akatabasamu kwa huruma: "Ni mtu mzuri sana yule, lakini siku hizi anachanganya mambo." Baada ya miaka kumi na mitano wakatangaza kwamba huenda chura yule ametoweka duniani. Profesa akapata kazi mpya ya kuzunguka kumlilia. Nilimshuhudia mwenyewe kwenye ukumbi wetu mkubwa, leso mkononi, sauti inatetemeka: "Tumempoteza." Watu wakasimama kupiga makofi. Kaka, niliyekaa naye safu ya nyuma, akaniinamia sikioni akauliza, "Anamlilia nani?" Mwezi mmoja tu kabla ya hapo alikuwa amehesabu ishirini na wawili korongoni.

Mimi nafanya kazi stoo, chumba cha chini, bila dirisha. Rafu za chuma mpaka darini, chupa elfu saba na kitu, na harufu ya spiriti inayokufuata mpaka kitandani. Kazi yangu ni kuongeza spiriti inapopungua, kupangusa chupa, na kuandika nani ameazima nini. Kaka ndiye aliyeniombea nafasi ile. Yeye kibarua, mimi nimeajiriwa kazi ya kudumu, na barua yangu iko kwenye fremu sebuleni. Mtanisamehe kwa kulitaja hilo mapema.

Mwaka huu kampuni ya kokoto ikaomba korongo la juu. Jiwe la pale ni zuri, wanasema, na liko nje ya mpaka wa hifadhi, hakuna wa kuwazuia. Katapila mbili zikaja zikaegeshwa chini ya mlima hata kabla ya kibali. Sheria inataka ufanywe uchunguzi kwanza wa viumbe waliopo. Siku kumi, ripoti, halafu kamati inakaa. Na nani kapewa uchunguzi? Profesa. Nani mwingine!

Sijawahi kumwona kaka vile. Alikuja nyumbani kwangu kabla ya kupanda, chai ikapoa mbele yake. "Wakivunja pale wamekwisha, mdogo wangu," akasema. "Wote. Hawana pengine pa kwenda." Nikamwambia mbona wasiwasi, si atawakamata na ripoti itasema. Akainuka kwenda kufunga ndoo zake. Anamjua mtu wake.

Asubuhi ya tatu ya uchunguzi ndoo mbili za korongoni zilikuwa na vyura saba. Akateremka nao mpaka kambini, alikokaa Profesa kwenye kiti kingine cha kukunja, maana kile cha kwanza siku hizi kinahifadhiwa ofisini kama kumbukumbu. Kaka amenisimulia, naye si mtu wa kutia chumvi.

Profesa aliwatazama mpaka miwani ikaingia ukungu. Akasema, "Ndoo, hawa tuwaandike kambini."

"Kambini?"

"Chura amerudi! Miaka yote hii, na leo amerudi pale pale! Unajua dunia itakavyofurahi?"

"Na korongo?"

"Korongo ni suala jingine."

"Ndoo za kambini nimeshaziandika, Profesa," kaka akasema. "Hazina kitu." Akafunga mfuko wake, akaenda kuosha mikono.

Nyoo! Nilipenda hapo. Nilicheka peke yangu stooni siku nzima. Lakini Profesa si mtu wa kukosa njia, amepanda maisha yote kwa migongo ya wengine na migongo haijamwishia.

Kamati ilikuwa ikae Alhamisi. Jumanne akatuita ofisini kwake, kaka na mimi. Kuitwa kwa kaka nikakuelewa, mimi nikashangaa naitiwa nini. Ofisi yenyewe ina zulia zito, kiyoyozi kinachonguruma, na ukutani picha ya yule chura aliyekuzwa mpaka akalingana na ng'ombe. Kile kiti cha kukunja kiko pembeni, kimezungushiwa kamba watu wasikikalie.

"Nimefikiri sana," Profesa akaanza. "Nitaandika korongo la juu. Umeshinda, Ndoo."

Kaka akashusha pumzi.

"Lakini wakili wa kampuni si mjinga. Ataniuliza, Profesa, miaka ishirini na sita umetuambia kambini, leo unasema korongoni? Si ajabu huyu mshika vyura wako amewabeba kwenye mfuko akaenda kuwamwaga huko. Lazima tuwe na maelezo." Akasukuma karatasi mezani. "Maelezo ni kwamba vikaratasi vya kwanza viliandikwa vibaya kule porini. Makosa ya kawaida, hakuna atakayekulaumu. Weka saini hapa."

Jamani, kuna watu wana macho makavu! Mistari minne, imeshapigwa chapa, na neno kibarua limo mara mbili.

Kaka aliisoma taratibu, mara mbili. "Sikukosea," akasema.

"Najua ulijitahidi."

"Sikujitahidi, Profesa. Niliandika sawasawa. Na vikaratasi vipo. Vimo ndani ya chupa, miguuni mwao, vyote vitano." Akanigeukia, na uso wake wote ulikuwa umefunguka kwa furaha. "Mdogo wangu, nenda kailete ile chupa. Tuvisome hapa hapa."

Sikuinuka.

Profesa hakutikisika hata kope. Akanitazama, akasema kwa upole kabisa, "Dada, mweleze kaka yako."

Haya, nami nieleze. Miezi minne baada ya kuingia stoo, mimi nikiwa kibarua kama yeye, Profesa alishuka kule chini. Kulikuwa na mtaalamu mgeni anakuja kuwatazama wale vyura kwa karibu. Profesa alikuja na vikaratasi vitano vipya vilivyopigwa chapa, vinasema Kambini. Akasema vile vya zamani vimefubaa. Penseli haifubai kwenye spiriti, nilijua hilo wiki ya kwanza. Akasema vilevile kwamba barua yangu ya kudumu iko mezani kwake, inasubiri saini tu. Hakuviunganisha hivyo viwili, hakuhitaji. Nikafungua chupa. Nikawatoa mmoja mmoja kwa koleo, nikakata nyuzi tano kwa mkasi wangu, nikafunga nyuzi tano mpya. Mwandiko wa kaka nikaukunja mkononi, nikautupa kwenye ndoo ya taka chini ya sinki. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Jumatatu barua ikaja. Kaka alikuja na nyumba nzima kunipongeza, na wifi akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje.

Basi nimemtukana Profesa kurasa zote hizi, na kila neno anastahili, lakini mkasi ulikuwa wangu.

"Vilibadilishwa," nikasema pale ofisini.

"Na nani?" kaka akauliza.

Nilitazama zulia. Lina maua ya kahawia, naweza kuwachorea.

"Na madaftari yangu ya porini?" akamgeukia Profesa. "Niliyoandika hayo hayo, nikakukabidhi?"

"Mchwa," Profesa akasema, uso mkavu kama gome.

Kiyoyozi kikaendelea kunguruma. Ningeweza kusema wakati ule. Kulikuwa na nafasi ya kutosha ya kusema ni mimi, kwa amri ya huyu, tarehe fulani, niitwe mbele ya kamati nikayarudie. Unga wangu ungemwagika, naye wake ungemwagika, na kaka angetoka pale kifua mbele. Nilikaa kama gogo. Nilikuwa nafikiria fremu sebuleni.

"Nikiweka saini," kaka akasema, "korongo limepona?"

"Bila wasiwasi wowote."

"Hiyo ripoti, andika kwanza mahali. Mbele yangu."

Profesa akageuza kompyuta, akaandika. Kaka akasimama nyuma yake akamsomea: Korongo la Juu, chini ya maporomoko, upande wa kushoto wa maji. Mwinuko Profesa aliukosea mara mbili, kaka akamrekebisha mara mbili, bila kupandisha sauti. Ilipokuwa sawa, akaomba ichapwe, akaisoma ikiwa karatasini. Ndipo akavuta ile mistari minne, akachukua kalamu, akaandika jina lake kwa mwandiko ule ule mzuri wa darasa la sita, chini ya uongo pekee niliowahi kumwona akikubali. Akauliza kama kuna kingine. Hakukuwa na kingine.

Kamati Alhamisi haikumaliza hata nusu saa. Kampuni ikaambiwa ikatafute jiwe pengine, na mpaka wa hifadhi usogezwe. Katapila zikaondoka. Gazetini Profesa akatoka na chura kiganjani, ameweka ile sura yake ya kuwabariki watu, na maneno makubwa kwamba mgunduzi amegundua kwa mara ya pili. Eti mgunduzi! Hajawahi kuliona hilo korongo mpaka leo, nawaapia. Chini kabisa kulikuwa na sentensi moja kwamba utata wa miaka mingi ulitokana na kosa la kibarua mmoja.

Wiki iliyofuata tangazo likabandikwa ubaoni, pale tunaposaini asubuhi. Kutokana na makosa yaliyobainika, vibarua hawataruhusiwa tena kuandika vikaratasi vya vielelezo. Watachimba, watakamata, na watamkabidhi mhitimu aandike. Saini, Profesa. Watu walilisoma, wakamtazama kaka, wakatazama pembeni. Mmoja akacheka. Nilimsonya mpaka akaniomba radhi, ushujaa wangu wote ukaishia hapo.

Jumapili nikaenda kwake. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, anashona mifuko yake ya kitambaa iliyofumuka pembe. Wifi alikuwa uani anaanika nguo, akanitania kwamba nimekonda, wenye kazi ya kudumu nao hukonda? Nikakaa ngazi ya chini ya kaka, nikamwambia. Nilimwambia yote, barua, chupa, koleo, mkasi, ndoo ya taka, na ile Jumanne niliponyamaza nikiwa na nafasi ya kusema. Nililia, na kulia kwenyewe kukanikera, kwa sababu nilikumbuka leso ya yule mtu ukumbini.

Kaka hakuinua macho. Alishona mpaka mwisho wa pembe, akapiga fundo, akakata uzi kwa meno.

"Wote watano?" akauliza.

"Wote watano."

Akaukunja mfuko, akauweka juu ya mingine. Wingu lilikuwa limeshafunga, na wifi akaanza kupiga kelele kwamba nguo zake zitalowa.

"Ungeniambia siku ile ile, mdogo wangu," akasema, "ningekuandikia vingine. Nilikuwa nakumbuka ndoo ya kila mmoja." Akainuka, akajipangusa magoti. "Sasa ndiyo wamenikataza kuandika."

Akaenda kumsaidia mkewe kuanua nguo.